Kidole cha Nyanya

Juzi katika chama chetu tulijadili kama tiba ya mbali itatufaa sisi wa mashambani. Yaani mgonjwa avalishwe vihisi, vijidude vya kupima mapigo ya moyo, joto na oksijeni ya damu, navyo vitume vipimo kwa simu hadi kwa daktari aliye mjini. Mwenzangu mmoja, bingwa wa fizikia, akanguruma, "Mashine haidanganyi!" Ukumbi mzima makofi. Mimi nilinyamaza, basi leo nasema.

Jambo lenyewe silipingi. Yuri Gagarin alipoizunguka dunia Aprili 1961, madaktari waliokuwa chini walifuata mapigo ya moyo wake kwa redio. Kama moyo wa mtu aliye angani ulisikika, mbona wa nyanya yangu, aliye safari ya matatu mbili tu kutoka hospitalini, usisikike?

Lakini hiyo "haidanganyi", hapana! Mwaka jana nyanya alishikwa na kifua. Zahanatini wakambana kidole kwa kile kibanio, kikaandika 95, akaambiwa, "Mama, uko sawa, nenda nyumbani." Usiku huo alihema hadi tukaomba pikapu ya jirani. Sijui kosa lilikuwa la nani, wala simlaumu muuguzi. Ila nilianza kuuliza.

Kibanio hicho kilitokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Hupitisha kidoleni mwanga mwekundu pamoja na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hukisia oksijeni kwa jinsi damu inavyoufyonza. Sasa, rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa kwa wagonjwa Weusi, kibanio kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Ati hata huko kwenye hospitali kubwa! Je, kwetu, ambako daktari hamwoni mgonjwa, anaona namba tu?

Maoni yangu ni kwamba vifaa hivi vije, na vije upesi, lakini kwanza vijaribiwe kwenye vidole vyetu. Na asiletwe mtu wa kuuza kabla hajapatikana mtu wa kupokea simu saa nane za usiku.

Bingwa wa fizikia ameahidi kunijibu toleo lijalo. Mimi likizoni bado humhesabia nyanya pumzi kwa saa ya ukutani, dakika nzima, naye hunicheka.