Falcon BMS: juu ya nini wapenzi wa ndege za vita hawaachi mchezo wa mwaka 1998

Katika soko la michezo ya ordinatere, mchezo wenye miaka miwili unaitwa tayari mzee. Falcon 4.0 ulitoka Desemba 1998. Studio yenye iliutengeneza ilifungwa mwaka mmoja nyuma ya pale. Lakini mpaka siku ya leo kuna watu, zaidi sana Ulaya na Marekani, wenye wanakaa mbele ya masini mangaribi nzima kuurusha. Hawaurushi sawa vile ulitoka. Siku hizi unaitwa Falcon BMS, na kazi ya kuufanya upya ilifanywa na watu wa kujitolea, bila mshahara. Pembeni yake iko mpinzani mwenye nguvu, DCS World ya kampuni Eagle Dynamics, yenye picha nzuri zaidi, ndege nyingi zaidi, na duka la kuuzia. Sasa watu wenye feza ya kununua DCS, juu ya nini wanabaki na BMS?

Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Hii si michezo ya kufyatua tu. Ni simulatere, maana yake programu yenye inaiga ndege ya kweli mpaka kitufe cha mwisho. Kuwasha F-16 ndani ya BMS ni kazi: betri, mafuta, kianzisho cha motere, halafu kungoja mashine ya mwelekeo ijipange, na hiyo peke yake inaomba karibu dakika nane. Ukiruka hatua moja, ndege inakukatalia ao inakupoteza njia mbele. Watu wanasoma mamia ya kurasa mbele ya kupaa mara ya kwanza. Wengine wanajenga chumba cha piloti nyumbani kwao, kwa mbao na vyuma, kitufe kwa kitufe.

Kwa wakaaji wa Goma, Sake ao Masisi, ndege ya vita si mchezo, tunajua. Sukhoi-25 tunaijua kwa sauti mbele ya kuiona. Kumbe ndugu wa ndege ile, Su-25T, ndiyo Eagle Dynamics inagawa bure kwa kila mtu mwenye anaingia ndani ya DCS, pamoja na ramani ya milima ya Kaukazi. Ni sawa vile muuzaji anakuonjesha kipande cha fromaji ya Masisi ili ununue nzima. Ndege zingine nyingi zinalipiwa moja moja. F-16 ya DCS, yenye ilitoka Oktoba 2019 ikiwa bado haijamalizika, bei yake ya kawaida ilikuwa dola 79.99.

Historia ya Falcon iko na vitimbi vingi. Mchezo wa kwanza wa jina hilo ni wa mwaka 1987, Falcon 3.0 ni wa 1991. Nyuma ya kazi hiyo yote kulikuwa kampuni Spectrum HoloByte na mkubwa wake Gilman Louie, mtu yule yule mwenye baadaye, mwaka 1999, aliitwa kuongoza In-Q-Tel, mfuko wa kuwekeza feza kwa faida ya CIA. Falcon 4.0 ulichukua miaka mingi kutengenezwa, na ulipotoka chini ya jina la MicroProse, ulitoka na klaseri ya maelezo yenye karibu kurasa 600 na makosa yenye hayakuhesabika. Ulisimama katikati ya safari, ulizimika, ulipoteza vita vyenye ulikuwa umeanza. Hasbro, kampuni ya vitu vya kuchezea vya watoto, ilikuwa imenunua MicroProse mwaka ule ule wa 1998. Desemba 1999 ikafunga studio ya Alameda, California. Toleo la mwisho la kurekebisha makosa, 1.08, lilitoka wakati huo. Wenye walikuwa wamenunua wakaambiwa kwa maneno mengine: mjisaidie.

Mwezi wa nne mwaka 2000, kodi ya ndani ya mchezo, maana yake yale maandishi ya programu yenye kampuni inafunga kwa kufuli, ikatoka nje na kutawanyika kwenye enternete. Mmoja wa wale waliofanya kazi juu yake alikubali miaka mingi nyuma ya pale kwamba ni yeye aliitoa. Kisheria haikuwa halali, na haki ya mchezo iliendelea kupita mkono kwa mkono: kutoka Hasbro kwenda Infogrames, halafu kwingine. Lakini wenye kupenda mchezo walikuwa sasa na kitu chenye hawakupata mbele: wangeweza kufungua motere yenyewe, si kupaka rangi nje tu.

Makundi yalitokea mengi, na yaligombana sana. Ugomvi wa watu wa kujitolea unajulikana. Pale feza haiko, watu wanagombea jina. Kundi moja, FreeFalcon, lilifika mbali halafu likaishia njiani. Kampuni moja, Lead Pursuit, ilichukua ruhusa ya haki na ikauza toleo lake, Allied Force, mwaka 2005. Benchmark Sims, ndiyo BMS, walifanya kazi kimya, na Septemba 2011 wakatoa toleo 4.32 lenye lilishangaza hata wale walikuwa wamekwisha kata tamaa. Toka pale matoleo yanafuatana. Kwenye 4.37 waliingiza miwani ya kuonea pande zote, kitu chenye watengenezaji wa 1998 hawangeota.

Sasa tufike kwenye kiini. Ndani ya michezo mingi ya ndege, vita vinaandikwa mbele kama teatre: ukifika hapa, adui anatokea pale. Ukirudia kesho, anatokea pale pale. Falcon uko na kampeni yenye inajiendesha. Unaufungua, unakuta vita kwenye rasi ya Korea, na ordinatere ndiyo inaongoza majeshi ya pande zote mbili: maelfu ya vitengo vya askari, vifaru, mizinga, radari na ndege, kila kimoja na mahali pake. Inapanga yenyewe nani atashambulia wapi saa ngapi. Wewe ni piloti mmoja tu kati ya mamia. Ukikataa kupaa, wengine wanapaa, na mstari wa vita unasogea. Ukibomoa daraja leo, safu ya vifaru inakwama ao inazunguka mpaka mafundi wa jeshi walitengeneze. Kikosi chako kikipoteza ndege, hazirudi kwa kubonyeza kitufe, zinangoja vifaa vifike. Unaweza kurusha vizuri kabisa kila siku na upande wako ukashindwa vita.

Ordinatere za 1998 hazikuwa na nguvu ya kuhesabu yote hayo. Watengenezaji walitafuta ujanja, na mimi naona ujanja huo ni kitu kizuri kuliko vyote ndani ya mchezo. Kumzunguka piloti kuna kama povu kubwa. Ndani ya povu, kila kifaru kinaonekana na kila kombora linafuatwa njia yake. Nje ya povu, vitengo vinapigana kwa hesabu ya haraka, namba juu ya namba, bila picha. Povu linasafiri pamoja nawe. Ukisogea, namba zinageuka vifaru. Ukiondoka, vifaru vinarudi kuwa namba. Wapenzi wanajua vizuri, lakini usiku, ukisikia kwenye radio ya ndege piloti wengine wenye hawakuhusu wakiomba ruhusa ya kutua, wakipiga kelele kwamba wameshambuliwa, unasahau kama ni hesabu.

Ila mtu wa huku kwetu hawezi kupita hapo bila kusimama kidogo. Kampeni hiyo inahesabu madaraja, viwanda vya umeme, bohari, viwanja vya ndege. Mji ni alama ya kukamata kwenye ramani. Barabara inapitisha vifaru. Haipitishi mama mwenye godoro kichwani na watoto nyuma yake. Hakuna mahali kama Kanyaruchinya. DCS vilevile haionyeshi hayo, kwa hiyo si kosa la BMS peke yao. Lakini nikisikia wapenzi wakisema Falcon unaonyesha vita vyote, mimi nasema unaonyesha vita sawa vile wakubwa wa jeshi wanaviona kwenye ramani yao.

Turudi kwa mpinzani. Itakuwa uongo kusema DCS ni duka tu. Wale wa Eagle Dynamics wanajua kazi: A-10C yao ya mwaka 2011 ilitokana na programu yenye walitengeneza kwa mafunzo ya walinzi wa anga wa Marekani. Wanatengeneza helikopta, ndege za vita ya pili ya dunia, ndege za Kirusi na za Kimarekani, na ukitazama jua likichomoza juu ya bahari yao unaelewa feza ilienda wapi. Kwa mtu mwenye anataka kuonja ndege kumi mbalimbali, BMS haina jibu. Nguvu yake kubwa iko kwenye F-16. Hata kujitolea si mali ya BMS peke yake: ndani ya DCS kuna A-4 Skyhawk yenye ilitengenezwa na wapenzi na inagawiwa bure, na wengi wanaisifu kuliko zingine za kulipia.

Shida ya DCS iko kwenye namna inajilisha. Kampuni inaishi kwa kuuza ndege mpya, kwa hiyo kila mwaka lazima ndege mpya itoke. Kampeni yenye kujiendesha haiuziki kwa urahisi sawa ndege. Ni kazi ya chini ya nyumba, msingi wenye mnunuzi haoni. Eagle Dynamics imeahidi kwa miaka mingi kampeni ya namna ile, na wapenzi wa BMS hawachoki kuwakumbusha.

Halafu ikaja habari ya RAZBAM. Hiyo ni kampuni ya inje yenye ilikuwa inatengeneza F-15E kwa ajili ya DCS. Ndege ilianza kuuzwa mwezi wa sita 2023, bado haijamalizika, kama desturi. Mwezi wa nne 2024 RAZBAM ikatangaza kwamba inasimamisha kazi juu haijalipwa. Eagle Dynamics ikajibu kwamba RAZBAM ndiyo ilivunja mapatano. Nani ana haki, hilo ni la mawakili. Mnunuzi yeye alikuwa amekwisha toa feza yake, na ndege ikabaki pale ilikuwa. Kwa watu wa BMS hiyo ilikuwa siku ya kusema: tuliwaambia. Mtu mwenye hakulipwa toka mwanzo hawezi kugoma juu ya mshahara.

Ni kweli, lakini nusu. Mtu wa kujitolea anaweza kuchoka, anaweza kuoa, anaweza kuhama, na hakuna mkataba wa kumrudisha. Tena wengi wanachanganya kitu cha bure na kitu cha wazi. BMS ni ya bure, lakini kodi yake haikuwekwa wazi. Ilitokana na kodi yenye ilivuja, haki ni ya mwingine, na funguo ziko mikononi mwa kundi dogo. Kundi hilo likitawanyika, mpenzi wa kawaida hataweza kuendeleza kazi sawa vile wao walifanya nyuma ya Hasbro. Kujilinda, BMS waliweka sharti: programu yao haiingii kwenye ordinatere kama haikuti Falcon 4.0 halali. Ni heshima kwa mwenye haki, na ni ngao. Mpaka sasa wenye haki waliofuatana wamewaacha wafanye kazi, na mwaka 2023 MicroProse, yenye ilifufuliwa na wenye mpya, ilitangaza kwamba imerudisha jina la Falcon nyumbani. Kurudi huko kunaweza kuwa baraka. Kunaweza pia kuwa mwanzo wa mwenye nyumba kuuliza nani anakaa chumba cha nyuma.

Na mapenzi yenyewe? Mimi nadhani hayatoki kwenye kampeni peke yake. Watu hawa wameweka mikono yao ndani. Mmoja aliandika sura ya maelezo, mwingine alipima milima ya ramani ya Balkani, mwingine ya Israeli, mwingine anafundisha wageni kila juma bila kulipwa. Mtu mwenye alibeba mawe ya nyumba haulizwi juu ya nini hakodi nyingine yenye rangi nzuri. Ubaya wake ni kiburi. Mgeni akiuliza swali rahisi anatumwa kusoma kurasa mia mbili, na akisema DCS inamfurahisha, anatazamwa kama mtu mwenye alisaliti. Wengi wanaondokea hapo.

Kwa mwenye anataka kujaribu huku kwetu, mambo yako hivi. Kwenye telefone haiwezekani. Inaomba ordinatere ya Windows yenye kadi nzuri ya picha, usukani wa mkono, na mega nyingi, juu programu inafika giga nyingi. Afazali kuishusha mara moja mahali penye wi-fi na kuibeba kwa diski ya inje. DCS inaomba nafasi kubwa zaidi tena. Kurani ikikatika katikati ya kuwasha F-16, utaanza upya dakika zile nane. Falcon 4.0 ya kwanza inauzwa kwenye maduka ya enternete kwa bei ya chini ya dola 10, na mbele ya kulipa ni vizuri uwe na kadi ya benki yenye inakubaliwa kule, maana mobile money yetu mara nyingi haifiki.