Asiyekuwapo na lake halipo, hata kwenye kompyuta

Agosti 9, 2025, Debian, mojawapo ya mifumo mikongwe ya Linux, ilitoa toleo la 13. Siku hiyo mlango mmoja ulifunguliwa, mwingine ukafungwa. Kwa mara ya kwanza toleo rasmi linaendesha prosesa za RISC-V, ambazo kanuni zake ni huru: kiwanda chochote kinaweza kuzitumia bila kulipia leseni. Lakini toleo hilo haliwekwi tena katika kompyuta za zamani za biti 32.

Mwalimu wa Jinja au Mbale mwenye kompyuta kuukuu za msaada asikimbilie kuzitupa. Kwanza aangalie prosesa. Zenye biti 64 zinapokea toleo jipya. Zenye biti 32 zibaki na toleo la 12 kwa muda, huku shule ikijipanga.

Swali kubwa ni hili: nani huamua prosesa ipi ihudumiwe? Ni wanaofanya kazi. Kuhamishia mfumo kwenye prosesa mpya ni kugeuza maelfu ya programu ziwe katika lugha yake, kuona ipi imegoma, kisha kuirekebisha. Debian huifanya hadharani kwa watu wa kujitolea, wala haiulizi pasipoti.

Basi Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichopo Mbale na vyuo vingine vya Afrika Mashariki viifanye kuwa mradi wa pamoja wa wanafunzi. Mtangamano si forodha peke yake. Tukikaa pembeni, kompyuta zetu zitaendelea kuachwa na watu wasiozijua.