Msimu wa Matembezi Uanze na Mvua

Mvua zikianza, wengi wetu huahirisha matembezi hadi kiangazi, na kalenda ya utalii hutuunga mkono: Juni hadi Oktoba ndiyo msimu, masika ni wakati wa hoteli kushusha bei. Kalenda hiyo ina mantiki yake. Wakati wa kiangazi nyasi ni fupi, maji hubaki sehemu chache na wanyama hukusanyika hapo, hivyo mgeni mwenye siku chache huwaona kwa urahisi. Lakini hiyo ni hesabu ya anayemfuata simba. Mwananchi anayeishi hapa mwaka mzima hana sababu ya kujinyima nusu ya uzuri wa nchi yake kwa kufuata ratiba iliyopangwa kwa ajili ya mwingine.

Hoja hii haionekani wazi popote kama Kitulo, tambarare iliyo juu ya mita 2,500 kati ya Mbeya na Njombe, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake, zikiwemo aina zipatazo 45 za okidi. Kabla ya hapo viazi vya okidi hizo vilichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Kinachosalimika ardhini hulala kiangazi chote, kisha huchipua mvua zinaposhuka. Kati ya Desemba na Aprili majani yote hujaa rangi, na matone hubaki yamening'inia kwenye petali hadi ukungu unyanyuke. Anayefika Julai hukuta nyasi kavu na baridi kali. Tena hapo hutembei ndani ya gari: hakuna simba wala tembo wa kukuzuia kwenda kwa miguu.

Wapo watakaosema mvua huua, na ni kweli. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 150 nchini. Lakini hatari hiyo hutegemea mahali: iko mabondeni na kwenye vivuko vya mito, wala hakuna matembezi yanayostahili mtu kukanyaga maji yaendayo kasi au kubaki uwandani radi zikipiga. Barabara ya kupanda kutoka Chimala, yenye kona zake 57, huteleza kweli, hivyo ipandwe mchana kwa gari linalomudu matope. Ama hofu ya mafua, hayo huletwa na virusi, navyo huenea zaidi tunapobanana ndani na madirisha yamefungwa. Koti la mvua, mabuti na nguo kavu za kubadilisha vinatosha. Shule za Mbeya na Njombe zinazopeleka wanafunzi hifadhini zifanye hivyo Februari, okidi zikiwa zimechanua, badala ya kungoja likizo ya Juni.