Usinipongeze kwa kunenepa

Kwetu Masisi, mashariki ya Kongo, ukikutana na mama mliyeachana siku nyingi, hata habari za watoto hujauliza, unamwambia: "Eh mama, umenenepa!" Naye anacheka na kushukuru. Ukimwambia amekonda, umemtangazia msiba. Mimi ni fundi wa kushona. Nimezaliwa Masisi, nimeolewa Walikale, cherehani yangu sasa iko Goma, na riziki yangu ni kuzungusha tepe viunoni mwa wanawake. Naomba salamu hiyo tuiache.

Ilipotoka napajua. Vita ikizuka, mtu anaacha maharage shambani na ng'ombe malishoni. Anayeteremka milima ya Masisi kwa miguu mpaka Sake, au anayetoka kujificha katika msitu wa Walikale, hafiki akiwa mnene. Basi mwili mkubwa ukawa cheti: nyumbani kwa huyu kumetulia, mumewe anatunza, UKIMWI haukumgusa. Bibi mwembamba anamwaibisha bwana mbele ya wakwe.

Wala hatukuanza sisi. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kwa mfalme Rumanyika, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Aliwakuta wanawake wa ukoo wa kifalme wamenyweshwa maziwa hata hawawezi kusimama. Speke alimpima mmoja wao, shemeji wa mfalme. Mkono peke yake ulikuwa na mzunguko wa futi 1 na inchi 11, karibu sentimita 58. Binti wa mama huyo, wa miaka 16, alikuwa akinyonya chombo cha maziwa huku baba yake ameshika fimbo asije akaacha. Nikisoma habari hiyo, nawaza ile fimbo. Siku hizi hatumshikii mtu fimbo, tunamsifu tu.

Wateja wangu wako wa namna mbili. Wa kwanza ni wake wa wanunuzi wa madini, pesa ya koltani ya Rubaya au ya kasiteriti ya Bisie. Wananiambia: "Fundi, acha kitambaa cha ndani, mwaka huu nitanenepa." Naacha, na mwaka hauishi narudishiwa libaya, yaani blauzi, nifungue mishono. Chakula chao si kigeni: bugali, sombe, maharage, sambaza. Kilichobadilika ni kwamba kule kijijini mama alikula sahani ileile, akapanda mlima na jembe, akarudi na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hapa mjini anapanda pikipiki hata kwenda kanisani, na juu ya bugali ameongeza soda na mandazi.

Wa pili ni mabinti zao. Wao wananionyesha picha kwenye simu: kiuno cha nyigu, makalio makubwa, tumbo limepotea. Wanataka niwafungie gauni kwa vyuma na kamba mpaka pumzi iwe ya kuhesabu. Huko Marekani na Ulaya wenye fedha wanachoma sindano za Ozempic, dawa ya kisukari, ili wakonde, na picha zao ndizo zinazofika hapa kwetu.

Mama na binti wanagombana juu ya urembo, kisha wote wawili wanaingia famasi moja. Anayetaka mwili, au makalio ya kwenye picha, ananunua deksamethazoni, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Hawaulizwi karatasi ya daktari. Deksamethazoni inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, na mwili ukishaizoea, kuiacha ghafla kunaweza kuua. Uso ule uliovimba ndio jirani anaousifu sokoni.

Kuna atakayeniambia: mama, watoto wa Masisi wana bwaki, ugonjwa wa utapiamlo, nawe unatuletea habari za unene? Ndiyo, kwa sababu ya watoto hao hao. Mhudumu wa afya ana tepe yake pia, ile ya rangi. Mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ukiwa chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, anahitaji matibabu mara moja. Akipona tunamshukuru Mungu na kusahau. Lakini huko Lwiro, Kivu Kusini, watafiti waliwatafuta watu waliotibiwa utapiamlo utotoni, kati ya 1988 na 2007. Waliwakuta ukubwani wana hatari zaidi ya mafuta ya tumboni na magonjwa yanayofuatana nayo kuliko wenzao ambao hawakuugua. Kwa hiyo mtoto aliyekimbia Masisi na njaa, akifanikiwa Goma, ndiye hasa asiyepaswa kusukumwa anenepe. Nasi huyo ndiye tunayemsukuma kwa bidii, maana tunafurahi kwamba ameponyoka.

Ninayotaka ni mambo madogo. Mwenye famasi asiuze dawa hizo bila karatasi ya daktari, na mkaguzi wa afya apite kuhakikisha. Vyama vyetu vya akina mama, ambavyo kila wiki vinakusanya michango ya arusi na matanga, vinunue kipima presha, kizunguke kati ya wanachama. Na tepe ya fundi ina kazi moja ya afya ambayo kila mtu anaweza kuifanya nyumbani: pima kiuno, pima urefu wako, kiuno kikizidi nusu ya urefu, nenda ukapimwe sukari na presha, hata kama mtaa mzima unakusifu. Kikiwa chini ya nusu, usiruhusu picha ya simu ikutie njaa ya makusudi.

Salamu nazo hazijatuishia. Kuna "umeamkaje", kuna "watoto wamelala vizuri?", kuna "shamba limetoa nini?" Tukikutana, niulize hayo. Kiuno changu nitakipima mwenyewe.