Joto na Halijoto: Kukariri Hakutoshi

Katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tumewaona wanachuo wakiandika ubaoni: "Joto ni nishati, halijoto ni kipimo cha ukali wa joto." Watoto hunakili, hukariri, na hufaulu mtihani. Lakini wakiulizwa kipi chenye joto jingi zaidi, kijiko cha maji yanayochemka au jagi la maji ya vuguvugu, wengi hutaja kijiko. Maneno wanayo, maana hawana.

Ni maoni yetu kwamba tofauti hii ifundishwe kwa mambo yanayotendeka duniani. Tuchukue vituo vya data, yaani majumba yenye kompyuta nyingi zinazohifadhi na kupeleka habari za intaneti. Karibu umeme wote unaotumiwa na kompyuta hizo hugeuka kuwa joto, na aghalabu joto hilo hutupwa hewani. Katika mji wa Mäntsälä, nchini Ufini, mwaka 2015 joto la kituo kimoja lilianza kupelekwa katika mabomba yanayopasha nyumba za wakazi. Joto lilikuwa jingi, ila halijoto yake haikutosha; ilibidi ipandishwe kwanza kwa pampu za joto, nazo zahitaji umeme. Huko Exmouth, Uingereza, mwaka 2023 kompyuta chache zilianza kupasha maji ya bwawa la kuogelea. Bwawa lahitaji nyuzi 30 hivi tu. Vuguvugu hilo lilifaa.

Mwanafunzi wa darasani aweza kuuthibitisha ukweli huu. Tayarisha mabeseni mawili, kila moja lita 2 za maji baridi. Katika la kwanza, mwalimu mwenyewe atie kijiko kimoja cha maji yanayochemka. Katika la pili, lita 1 ya maji ya vuguvugu. Watoto watie mikono. Beseni la kwanza halitabadilika kwa kuhisika. La pili litapata uvuguvugu.

Baada ya hapo waulize: kwa nini watu wa Mäntsälä walihitaji pampu, na bwawa la Exmouth lilitosheka na vuguvugu? Waache wabishane. Fasili iandikwe ubaoni mwishoni, watoto wakisha kuisema kwa maneno yao wenyewe. Mwalimu anayeitanguliza huwanyima watoto kazi ya kufikiri, na kazi hiyo ndiyo somo lenyewe.