Kigarimoshi kisichouzwa

GUMZO LA JUMAMOSI
Na Hamisi Mbwana

“Hiki bei gani, mzee?” Nimeshazoea kuuliza hivyo kila nionapo kitu kizuri. Mzee wa Kiingereza akanitazama kama niliyetaka kununua mjukuu wake. Hakiuzwi. Miaka kumi na minne amekuwa akikiunda kwenye kibanda cha uani.

Nilikuwa Midlands, Uingereza, karibu na Leamington Spa, kwenye maonyesho ya watu wanaounda mitambo midogo kwa kujifurahisha. Mchezo huu ni wa zamani kwao: jarida lao, Model Engineer, lilianza 1898, na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika London mwaka 1907.

Kigarimoshi chenyewe ni kirefu kama benchi la barazani, na hutembea kwenye reli yenye upana wa inchi 5. Hula makaa ya mawe ya kweli, kwa koleo dogo kama kijiko. Boila ni ya shaba nyekundu, imeungwa kwa lehemu ya fedha. Kabla ya kuwashwa moto mara ya kwanza hujazwa maji baridi na kupigwa presha mara mbili ya ile ya kazini. Kwa nini maji? Kwa sababu boila ikiachia, utalowa miguu tu. Ingekuwa mvuke, tungekuwa matangani.

Lakini kilichonikaa moyoni ni meza ya vitu visivyokwisha: silinda bila mfuniko, gurudumu moja, fremu tupu. Wenyewe wamesimama kando, wanaeleza walipokwama, bila haya. Kwetu kitu kisichokwisha huishia uvunguni.

Na si kwamba mikono hatuna. Nani hakuunda gari la waya, matairi ya kandambili, usukani mrefu wa kusukumia? Tulipobalehe tukaacha. Mtu mzima akichonga chuma pasipo mteja huulizwa: kitakupa nini? (Nyumbani kwangu huulizwa kila Jumapili.)

Yule mzee alipojua nimetoka Nairobi, alitaja Garratt za daraja la 59 kabla sijavuta kiti. Hizo ni injini 34 za mvuke za reli yetu ya zamani, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, zikapewa majina ya milima yetu. Mount Gelai ipo hadi leo kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ukiipunguza itoshe kwenye reli yake ya inchi 5, bado itakuwa na urefu wa mita nne hivi. Yeye anaiota, sisi tunaipita tukiwahi matatu.

Basi wakuu wa makumbusho, ombi langu ni dogo: meza moja, Jumamosi moja kwa mwaka, mafundi wa Gikomba na watoto wa magari ya waya waje na walichonacho, kimekwisha au hakijaisha. Mimi nitaleta injini yangu ya silinda moja. Bado inavuja.