MWALIMU MKUU NI WA NANI?

Hebu keti kidogo, nina jambo moyoni.

Sidhani kuna mwanafunzi wa shule hii aliyesahau yaliyotukuta mwanzo wa muhula wa pili. Tulifika asubuhi, viatu vimelowa umande, tukakuta lango limetiwa kufuli na wazazi wamesimama mbele yake na matawi mikononi. Mwalimu mkuu mpya alikuwa ameketi ndani ya gari, ng'ambo ya barabara. "Tunataka mtu wetu!" ndio wimbo ulioimbwa. Siku 3 hatukusoma. Sisi wa kutwa tulikwenda na kurudi kwa miguu, bure bilashi. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi ndio sisi. Nami sitaficha: baba yangu alikuwa mmoja wa walioshika matawi.

Lango lilipofunguliwa, chama chetu kiliandaa mdahalo: "Halmashauri ya shule ipewe uwezo wa kumchagua mwalimu mkuu." Nilikuwa upande wa kuunga mkono, na tulishinda. Lakini leo nakiri kwamba nusu ya maneno yangu yalikuwa mepesi.

Tuanze na sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kwamba katika halmashauri mna watu 6 wa kuwawakilisha wazazi au wakazi, 3 wa mfadhili, mmoja wa walimu, na wengineo. Hata baraza la wanafunzi lina mwakilishi wake. Lakini hao wote hawamchagui mwalimu mkuu. Katiba ya mwaka 2010 imeipa Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, kazi ya kuwaajiri walimu wa shule za umma, kuwapandisha vyeo na kuwahamisha. Hata hivyo mwalimu mkuu akishafika, yeye ndiye katibu wa halmashauri. Fikiria hilo! Unaletewa katibu ambaye si wewe uliyemchagua.

Kwingine mambo ni tofauti. Katika mji wa Chicago, Marekani, sheria ya mwaka 1988 iliunda mabaraza ya shule, na uchaguzi wa kwanza ukafanywa mwaka 1989. Wamo wazazi 6, wakazi 2 na walimu 2, na shule za sekondari zina wanafunzi pia. Baraza ndilo humchagua mwalimu mkuu na kumpa mkataba wa miaka 4. Ukiisha, linaamua kama ataendelea. Mfano huo ndio ulionipa ushindi katika mdahalo.

Jioni ile nikamwuliza mzee, "Baba, samahani, huyo mtu wetu ni nani?" Akamtaja mwalimu mmoja wa ukoo wetu. Nikauliza shule anakofundisha inafanyaje katika mtihani. Hakujua. "Mcheza kwao hutunzwa," akasema. Nikamjibu polepole, "Lakini Baba, huyu aliyeletwa naye si mtoto wa kwao?"

Alinyamaza sana. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Sisi tulichangia maabara. Mwalimu mkuu aliyetangulia akahamishwa msingi ukiwa umeota magugu. Huyu mpya nani atamwambia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Halmashauri zetu zikipewa uwezo wote wa kuchagua, ukoo utatawala. Mwalimu hodari aliyezaliwa Turkana ataongoza lini shule ya Kisii au ya Kilifi? Kazi hiyo ibaki kwa Tume. Lakini wazazi nao wana haki ya kusikizwa, na wasiposikizwa mdomoni watasema kwa kufuli.

Basi maoni yangu ni haya. Nafasi ya mwalimu mkuu ikiwa wazi, halmashauri iketi, mwakilishi wa wanafunzi akiwemo, iandike ukurasa mmoja tu: shule ina nini, inadaiwa nini, inataka kiongozi wa namna gani. Majina ya watu na koo yasiwemo. Ukurasa huo upelekwe TSC kabla ya mahojiano, na wanaohojiwa waulizwe juu yake. Atakayeshinda apewe nakala, na siku ya kwanza ausome mbele ya wazazi. Kuna gharama gani hapo? Karatasi na kalamu!

Wazazi wetu, tunawaheshimu, lakini tafadhali msifunge lango tena. Mkilifunga mnafungia nje watoto wenu wenyewe.

Na kwa mwalimu mkuu wetu, ambaye najua atasoma gazeti hili: Mwalimu, karibu sana. Maabara bado inangoja kuta.

Mwanachama, Kidato cha Tatu